Babu yako alifika mwaka gani?

Ugomvi wa shamba Masisi, mashariki mwa Kongo, hauchelewi kufika kwenye swali hilo. Serikali nazo zimekuwa zikiuliza hivyo hivyo, kila moja na mwaka wake.

Chanzo ni Wabelgiji, waliotawala Kongo na Rwanda. Mwaka 1937 waliunda ofisi ya kuwahamishia Wanyarwanda Kivu: Rwanda ilijaa watu, na mashamba ya wazungu yalitaka vibarua. Hadi 1955 maelfu kwa maelfu walikuwa wamewekwa kwenye ardhi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi. Gishari, huko Masisi, ikapewa uchifu wa Kinyarwanda, na mwaka 1957 ukafutwa. Watu wakabaki, bila chifu wao wala ardhi ya kuita yao.

Katiba ya 1964 ilimtambua mwenye babu wa kabila lililokuwepo Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1972, Barthélemy Bisengimana akiwa mkuu wa ofisi ya Rais Mobutu, ikawapa uraia waliofika Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikawanyang'anya, ikarudisha hesabu hadi tarehe 1 Agosti 1885. Tarehe ya ajabu! Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika 1894, na mpaka na Rwanda ulikubaliwa 1910. Nani angeonyesha cheti cha 1885? Hata Mhunde hana.

Kisha Mobutu akakubali vyama vingi. Masisi, Wanyarwanda walikuwa wengi kuliko Wahunde, kwa hiyo swali la nani apige kura likawa swali la nani atatawala. Machi 1993 vijana wa Kinyanga na Kihunde waliwavamia Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, katika soko la Ntoto, Walikale, jirani na Masisi. Vita vikapanda hadi Masisi, ambako Wahunde nao waliuawa na kukimbia vijiji vyao. Waliokufa walikuwa maelfu.

Sheria ya Novemba 2004 ilikubali makabila yote yaliyokuwa na watu na ardhi Kongo siku ya uhuru. Tangu uandikishaji wa 2005, watu hutembea na kadi ya mpiga kura kama kitambulisho: picha, baba, mama, mahali pa asili. Askari kwenye kizuizi cha barabarani huweza kuangalia asili.

Tarehe 20 Desemba 2023 Wakongo walipiga kura. Masisi hawakupiga, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23: Mhunde, Mhutu, Mtutsi, wote.