Robo saa ya mkoloni iliyojificha ndani ya Linux

Leo tuchimbe historia kidogo. Fungua taminali uandike:

TZ=Africa/Nairobi date -d '1940-01-01' +%z

Jibu ni +0245, si +0300 tuliyoizoea. Mashine yako haina ugonjwa. Inakumbuka tu mambo ya wakoloni.

Jua la Kisii, likiwa karibu nyuzi 34.8 mashariki, limetangulia la Greenwich kwa saa mbili na dakika 19 hivi. Nairobi ni dakika 27. Mei 1908 Kenya ikawekwa kwenye saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 ikapanda hadi saa tatu, Januari 1930 ikarudi mbili na nusu, na 1937 ikaanza ile ya mbili na dakika 45. Saa tatu kamili zilirejea Agosti 1942 na hazijaguswa tena. Ukitaka kuona yote, andika zdump -v Africa/Nairobi.

Linux husoma haya kwenye hifadhi ya tz, iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980. Tangu 2011 iko chini ya IANA. Sasa shika hapa: matoleo yake ya zamani yalidai ile robo ilidumu hadi 1960. Matoleo mapya yamesahihisha, yanasema 1942.

Hasara iko wapi? Chukua mzee wa Nyamira anayejua mwaka wake tu, 1950. Programu inamjazia 1 Januari, usiku wa manane, na kuihifadhi kama sekunde za UTC. Seva mpya inaandika 31 Desemba 1949, 21:00 UTC. Seva kuukuu ikisoma sekunde hizo hizo inaongeza saa mbili na dakika 45 tu, inapata 23:45. Mzee amezaliwa 1949! Kitambulisho kinasema 1950, na karani anamrudisha nyumbani bila malipo yake.

Dawa ni mbili. Kwanza, linganisha toleo la tzdata kwenye kila mashine (dpkg -s tzdata au rpm -q tzdata), kisha sasisha iliyobaki nyuma. Pili, na hii ndiyo kubwa: tarehe ya kuzaliwa si saa. Ihifadhi kama tarehe tupu, aina ya DATE, bila ukanda wa saa.

Kazi kwenu. Jaribuni 1930 pia, mtacheka.