Walimu wa Kambini

Nimezaliwa kwa watu wa mkonge, hapa Kabuku, na nikiulizwa nani aliyelishika kanisa la huku, siwataji maaskofu kwanza. Nawataja walimu wa dini wa kambini.

Mkonge wenyewe ulitua pwani yetu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipouleta. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Kutoka hiyo yakazaliwa mashamba ya Tanga, Korogwe hadi kwetu Handeni, na manamba, vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mbali kuishi kambini: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde. Mtu alifika na kipande, kadi yake ya kazi, mkononi, bila shangazi wala mjomba. Imani ya mtu wa namna hiyo hupoa upesi.

Kanisa nalo lilikuwa limetangulia: wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walikuwa wamekwishajenga Magila, karibu na Muheza. Vita vilipoanza 1914, Wajerumani waliwakamata wamisheni Waingereza, na mapadri na walimu wa Kiafrika wakabaki na waumini. Baadhi yao walifungwa na kuteswa. Sala hazikukoma. Kwangu hilo ni kubwa kuliko jengo lolote la mawe.

Mwalimu wa kambini alirithi kazi ileile. Asubuhi alikata mkonge kama wenzake, au alishinda korona, kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge. Jioni alipita mlango kwa mlango akimwita kwa jina aliyekosa ibada. Mwenye homa aliombewa, aliyefiwa alikaliwa matanga. Wengi wa walimu hao hawana hata picha ukutani mwa kanisa. Ningependa majina yao yaandikwe, wazee wanaoyakumbuka wakiwa bado hai.