Taipureta ya waya, kibodi ya leo

Najua nimepotea. Nilikuwa na kazi za watu, halafu nikaenda nyumbani Migori kupumzika. Leo sitazungumzia programu. Nataka tuzungumzie kitu ambacho sisi waandika programu tunakigongagonga kutwa nzima bila kukifikiria: kibodi.

Siku moja asubuhi nilipanda matatu kutoka Migori, nikapita Awendo, nikabadilisha gari Rongo, nikapitia Rodi Kopany hadi Homa Bay. Kwenye begi nilikuwa na kibodi moja ya mekanika na mfuko wa swichi za aina tatu. Nilikuwa nampelekea shangazi yangu. Kwa Kijaluo shangazi ni waya. Ndiyo, najua waya kwa Kiswahili ni nini. Utani huo ameshausikia, usijisumbue.

Waya alijifunza kupiga chapa wakati Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja ya South Nyanza, makao makuu yakiwa Homa Bay. Mwenye shida ya karatasi alikwenda huko: hati ya kiapo, mkataba wa shamba, barua ya kuomba kazi. Nje ya ofisi walikaa wapiga chapa na taipureta zao, karatasi ya kaboni ikiwa imebanwa katikati ya kurasa mbili. Taipureta ya waya ndiyo iliyomlipia baba yangu karo ya sekondari. Kwa hiyo nikisema kibodi ni jambo zito, sitanii.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1868 huko Marekani, Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine ya kuandikia. Kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi unaoanza na QWERTY umetoka kwenye mashine hizo, na ndio ulio mbele yako sasa hivi. Ndani ya taipureta kila herufi ina mkono wake wa chuma. Mkono wa A ukipinda, fundi ananyoosha huo wa A tu, mingine haiguswi. Na unapopiga, chuma kinagonga karatasi, kidole kinajua na sikio linajua kwamba herufi imeingia.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, watengenezaji walijua wanawauzia watu waliozoea chuma. IBM walipotoa kompyuta yao ndogo, PC, mwaka 1981, kibodi yake ilikuwa na springi chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, springi inapinda ghafla na kulia "kaa!" Mwaka 1985 wakaleta Model M, ambayo mpaka leo kuna watu wanaitumia. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 kampuni ya Cherry ikatoa swichi za MX: kila kitufe kina kijisanduku chake cha plastiki chenye springi na vipande viwili vya chuma vinavyogusana ndani.

Halafu ikaja zama ya kubana bei. Badala ya swichi mia moja, kibodi zikawekewa karatasi za plastiki zenye njia za umeme, na juu yake vikombe vidogo vya mpira. Ni rahisi kutengeneza na bei yake kila mtu anaiweza. Ndizo nilizozikuta kwenye saiba za Migori nikiwa mtoto. Unazikumbuka? Herufi A imefutika kabisa, Q inang'aa kama imetoka dukani jana.

Umewahi kujiuliza kwa nini A? Ni kwa sababu ya lugha yetu. Soma sentensi yoyote ya Kiswahili uhesabu: A ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote, na QWERTY imeiweka chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Q na X hatuna kazi nazo. Kijaluo nacho hakina haja ya Q, V, X wala Z, ila kinataka alama ya king'ong'o kila wakati, na hiyo nayo iko kwenye kidole kidogo, cha kulia. Mpangilio huu haukutengenezwa kwa ajili yetu, na kibodi zetu zinakufa upande mmoja.

Hapo ndipo penye uchungu. Kwenye kibodi ya mpira, A ikifa, kibodi nzima inatupwa. Waya alipoacha taipureta na kununua kompyuta, alikuta chombo kipya hakina fundi. Na kazi haikupungua. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, kisha serikali ikahamishia huduma mtandaoni, iTax na eCitizen, na wananchi wakazidi kwenda kwake awajazie fomu. Nyuma ya duka lake nilikuta kibodi saba zimerundikana, kila moja imekufa herufi mbili tatu.

Sasa tuje kwenye swichi zenyewe. Nilimpa ajaribu aina tatu za Cherry. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kikwazo, kwa uzito wa gramu 45 hivi. Kahawia ina kinundu kidogo katikati, gramu 55 hivi. Bluu ina kinundu na mlio, gramu 60 hivi. Zote zinashuka milimita 4, na herufi inaingia karibu nusu ya safari.

Mimi natumia nyekundu, nikadhani naye ataipenda kwa sababu ni nyepesi. Alipiga mstari mmoja akasimama. "Hii inaandika kabla sijaamua," akasema. Vidole vyake vimezoea kupumzika juu ya vitufe vya chuma. Kahawia hakuisemea kitu. Bluu aliipiga ukurasa mzima bila kuangalia chini.

Na matoleo mapya je? Mwaka 2023 Cherry walileta MX2A, zenye ulainisho bora na mlio mtulivu. Kampuni za China kama Gateron na Kailh nazo zinatoa rangi mpya kila kukicha. Wooting ya Uholanzi imezipa umaarufu swichi za sumaku: hazina vyuma vya kugusana, na unaweza kuchagua herufi iingie baada ya kushuka kiasi gani. Wacheza gemu wanazipenda, na wana sababu. Lakini haziingii kwenye kibodi ya kawaida, zinahitaji bodi yake.

Kwa maoni yangu, kwa mtu wa Homa Bay jambo kubwa kuliko rangi zote ni tundu. Kibodi nyingi za mekanika siku hizi zina matundu ya kuchomekea swichi. Huhitaji kulehemu. Unang'oa iliyokufa kwa kikoleo kidogo, unachomeka nyingine. Tumezunguka miaka mingi mpaka tukarudi kwenye taipureta: herufi moja ikiharibika, unatengeneza herufi moja. Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize taa zake kwanza. Uliza kama swichi inang'oka, na kama aina hiyo utaipata tena baada ya miaka mitano.

Kasoro zipo. Ni ghali kuliko ya mpira, vumbi linaingia, na bluu ina kelele. Ukiandika usiku na kuna mtoto amelala, utafukuzwa nyumbani.

Nilimwachia swichi kumi za akiba. Wiki iliyopita akanipigia simu: mteja amemwaga chai ya maziwa upande wa kushoto wa kibodi. Moyo ukanishuka. Lakini waya alikuwa ameshachomoa waya (haya, cheka), akakausha bodi, akang'oa swichi nne, akachomeka mpya, na mteja amekwenda zake na fomu yake.

Alichokuwa anataka kuniuliza ni kama swichi zinauzwa moja moja au kwa kilo.