Upekuzi wa Rekodi ya Mikopo bila Idhini

Upekuzi wa rekodi ya mikopo bila idhini hutokea pale benki inapofungua faili ya mtu katika ofisi ya taarifa za mikopo, ilhali mwenyewe hajaomba mkopo wala kukubali achunguzwe. Faili ikifunguliwa kwa ajili ya ombi la mkopo, jina la aliyeifungua na tarehe hubaki humo. Maulizo yakirundikana, mkopeshaji anayefuata huweza kudhani mteja anabisha hodi kila mlango akitafuta pesa, na huenda alama zake za ukopaji zikashuka. Mtu akiitazama faili yake mwenyewe hapunguziwi kitu.

Nchini Kenya ofisi hizo hujulikana kama CRB. Miongoni mwa zilizopewa leseni na Benki Kuu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za kwanza zilitolewa 2008, zikabadilishwa 2013 na tena 2020. Metropol hupima wakopaji kwa alama kati ya 200 na 900.

Sigowet, magharibi mwa Kaunti ya Kericho, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Mkulima mdogo wa chai hulipwa majani yake kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya mwaka. Karo ya shule na mbolea hazisubiri bonasi. Kwa hiyo jina lilelile la mkulima huwa benki, kwenye Sacco, pengine Greenland Fedha, kampuni ya mikopo ya shirika la chai la KTDA, na bila shaka kwenye mikopo ya simu: M-Shwari tangu 2012, KCB M-Pesa tangu 2015, Fuliza tangu 2019. Kote huko kuna masharti marefu ambayo watu wengi huyakubali bila kuyasoma.

Ndiyo maana ugomvi hapa mara nyingi si kama idhini ilitolewa, bali inafika wapi. Mtu amefungua akaunti ya kupokelea pesa za chai; ndani ya fomu mna sentensi inayoiruhusu benki kuuliza CRB wakati wowote. Je, huyo ameomba mkopo? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari na ya jambo mahususi, na mzigo wa kuithibitisha ni wa anayetumia data. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inakubali misingi mingine, kama utekelezaji wa mkataba, na mawakili wa benki hawaisahau.

Wengi huogopa zaidi kuorodheshwa kama wadeni sugu. Orodha ya waliouliza haisomwi sana. Hilo ni kosa, kwani ombi la mkopo lililofanywa na tapeli kwa kitambulisho cha mtu mwingine huweza kuonekana hapo kwanza. Kila mteja ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Akikuta ulizo asilolijua, huipinga taarifa hiyo kwenye CRB, huiandikia benki ithibitishe idhini, na isipojibu hulalamika kwa Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Marekani, ambako sheria ya 1970 inadai sababu halali kabla ya ripoti kufunguliwa, U.S. Bank ilitozwa dola milioni 37.5 Julai 2022: wafanyakazi wake walifungua ripoti za wateja bila ruhusa ili kuwaanzishia akaunti wasizoziomba. Nchini Kenya nako, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu vibaya.