Stelingi Aliyekufa

Stelingi hafi. Kwa sisi tuliokulia kwenye picha za karate hapa Tanga, hilo halikuwa neno la mzaha. Ukilipa kiingilio umelipia na uhai wake. Adui atampiga, atamtupa mtoni, atamuulia mwalimu, lakini mwisho atarudi. Ndiyo maana jioni moja ya mwaka 2002, kwenye kibanda cha video cha Ngamiani, Chow Yun-fat alipokata roho kwa sindano ya sumu, mikononi mwa Michelle Yeoh, mzee mmoja nyuma yangu alisimama akadai arudishiwe shilingi mia yake.

Tulikuwa tumeshanuna tangu mapema. Picha yenyewe ilikuwa Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee, iliyotoka mwaka 2000. Hata hatujatulia vizuri kwenye mabenchi, mwizi wa upanga akapanda ukuta kama mjusi na kuanza kuruka paa hadi paa. Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Hawa wanaruka kwa ungo!" mtu akapiga kelele.

Nami nilicheka, ila kicheko changu kilikuwa na kinyongo ndani yake. Mimi ni fundi baiskeli. Utotoni nilikata mpini wa jembe vipande viwili, nikaviunga kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli, nikajipiga nacho kisogoni mpaka nikaona nyota. Bruce Lee alifariki Julai 1973, mwezi mmoja kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa, na sisi tuliokuja kumjua marehemu alituachia imani moja: jasho. Alichokifanya yeye, nawe ukijituma utakifanya. Sasa huyu anayesimama juu ya kitawi cha mwanzi kama ndege chiriku, mimi nijifunze nini kwake?

Lakini jicho la fundi halilali. Huku nanuna, huku natafuta waya. Mtu mzima haelei bure. Waya wa breki, ule mwembamba uliosokotwa, unabeba uzito kuliko unavyoudhania, na nilijua lazima mahali fulani juu ya ile mianzi kuna watu wanavuta.

Waya huo una ukoo mrefu. Mwaka 1928, kampuni ya Mingxing ya Shanghai ilitoa picha ya Moto wa Hekalu la Yungiyungi Jekundu, iliyoongozwa na Zhang Shichuan na iliyotokana na riwaya ya mashujaa wa panga za kimiujiza. Watu walifurika, Mingxing wakaongeza sehemu ya pili, ya tatu, mpaka mwaka 1931 zikafika 18. Mwigizaji Hu Die alining'inizwa kwa waya akapaa mbele ya kamera. Mwandishi Mao Dun aliyeushuhudia umati ule alieleza jinsi watazamaji walivyopiga kelele na makofi panga zilipopigana zenyewe hewani, kama kwamba vita vile ni vya kweli. Inasimuliwa kuwa wengine walifukiza ubani humo humo ukumbini, na watoto wakatoroka makwao kwenda milimani kutafuta walimu.

Serikali ya Kuomintang haikupendezwa. Ilikuwa inataka China ya sayansi na shule, si ya majini, na mwaka 1931 wakaguzi wake wakaipiga marufuku kwa kosa la kueneza ushirikina. Marehemu bibi yangu angewaunga mkono: kwake mtu akiruka ni mwanga tu, awe Mchina, awe Mdigo. Picha yenyewe leo haipo, imepotea. Kazi ya kurusha watu ikahamia Hong Kong.

Huko ndiko King Hu, mwaka 1966, alipomchukua binti mmoja mcheza dansi, Cheng Pei-pei, hajafika hata miaka 21, akamkabidhi panga mbili fupi katika Come Drink with Me. Baadaye, kwenye A Touch of Zen ya mwaka 1971, aliwapiganisha watu katika msitu wa mianzi kwa kutumia trampolini na mkasi wa mhariri: mguu unaondoka, mwanzi unatikisika, mtu anashuka, na katikati umejazia mwenyewe. Ang Lee aliufuata msitu ule ule. Fundi wake wa mapigano, Yuen Woo-ping, aliwaning'iniza waigizaji kwelikweli juu ya mianzi, kisha kompyuta ikafuta waya. Michelle Yeoh alichanika kano la goti, akapasuliwa, akarudi kazini. Kumbe jasho lilikuwepo, wamelifuta pamoja na waya.

Cheng Pei-pei naye yumo. Ndiye yule mwanamke mzee mbaya, Mbweha wa Jade. Aliiba kitabu cha mbinu za mapigano za Wudang kwa mwalimu aliyekataa kumfundisha kwa kuwa ni mwanamke, akamuua. Tatizo, maneno ya kitabu hayakumfungukia, akafuata michoro miaka yote. Msichana aliyemlea na kumfundisha ndiye aliyeyasoma, akamficha.

Kanda yetu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Mwenye deki, aliyekaa mbele na kipaza sauti akitufasiria, nikikumbuka sasa, hakuwa akiyasoma. Alituambia huyo bibi ni mchawi aliyedhulumiwa mahari, nasi tukaamini, maana tulichokuwa nacho ni michoro tu.

Siku hizi naitazama kwenye simu, nikifunga karakana. Pale kwenye mianzi bado nakunja uso. Ila Mbweha anapokata roho huwa nairudisha nyuma, kwa sababu pale anasema yeye alitaka kumuua yule msichana wake tu. Sindano ya Mbweha iliyomuua stelingi haikukusudiwa stelingi. Yule mzee wa shilingi mia hakuambiwa.