Kuvuta Makohozi kwa Haja, Si kwa Saa

Mgonjwa amelala na bomba mdomoni, mashine ikimpumulia. Muuguzi anasukuma katheta, mrija mwembamba wa kuvutia makohozi, ndani ya bomba, na papo hapo uso wa mgonjwa unakunjamana, mabega yanapanda, machozi yanamlengalenga. Anakohoa bila sauti, maana bomba limepita katikati ya nyuzi za sauti. Sekunde kumi, kazi imekwisha. Jaladani linaandikwa neno moja: sakshen.

Neno hilo linaficha mengi. Utafiti wa Thunder Project II, ulioongozwa na Kathleen Puntillo wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001, ulifuatilia maumivu ya wagonjwa zaidi ya 6,000 waliofanyiwa taratibu sita za hospitalini, kuvutwa makohozi ikiwa mojawapo. Waliopewa dawa za jamii ya morfini kabla ya utaratibu hawakufika asilimia 20.

Wengi wakisoma hivyo hukimbilia kabati la dawa. Dawa ina nafasi yake, ila lazima itangulie: morfini ya mshipani huchukua kama dakika 20 kufika kilele, kwa hiyo ikitolewa katheta ikiwa tayari mkononi, mgonjwa ataumia kwanza ndipo atulie. Hata hivyo, nafuu kubwa zaidi hupatikana mapema kuliko hapo, pale muuguzi anapoamua kama kuna haja ya kuvuta.

Katika wodi nyingi saa ndiyo iliyokuwa ikiamua: kila baada ya saa mbili, mgonjwa anavutwa, awe na makohozi au asiwe nayo. Mwongozo wa American Association for Respiratory Care wa mwaka 2010 uliikataa desturi hiyo. Makohozi yakiwepo hujitambulisha yenyewe. Huonekana ndani ya bomba, hukoroma yakisikilizwa kifuani, na kwenye skrini ya mashine mstari wa hewa hugeuka kuwa meno ya msumeno. Dalili hizo zisipokuwepo, katheta humkohoza mgonjwa bure.

Haja ikiwepo, kina ndicho jambo la kuangaliwa sana. Wapo wanaosukuma katheta hadi igonge, kisha wanairudisha. Inapogonga ni pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafu mawili, mahali penye neva nyingi za kikohozi. Mguso wake unaweza hata kupunguza mapigo ya moyo. Katheta iliyopimwa ikaishia mwisho wa bomba haifiki huko. Unene nao una hesabu yake, katheta isizidi nusu ya upana wa bomba: kwa bomba la milimita 8, katheta namba 12 ina milimita 4, nusu kamili. Oksijeni hutangulia, na uvutaji hauzidi sekunde 15.

Maji ya chumvi yanayomiminwa bombani ili kulainisha makohozi yasiwe mazoea. Hayachanganyiki vizuri na ute, huweza kushusha oksijeni, na mgonjwa aliye macho huyahisi kama maji yaliyompalia.

Halafu kuna sauti. "Mzee, nakuvuta makohozi sasa. Utakohoa, pumzi itakubana kidogo, kisha natoa." Maneno hayo hayagharimu kitu, na mzee aliyeyasikia hashtukizwi. Asiyeweza kujibu bado husomeka: kipimo cha CPOT, kilichochapishwa na Céline Gélinas na wenzake mwaka 2006, hutazama uso, miondoko ya mwili, ukakamavu wa misuli na jinsi mgonjwa anavyoipokea mashine, kikitoa alama 0 hadi 8. Kikitumika kabla na wakati wa kuvuta, maumivu yanapata mahali pa kuandikwa.

Muuguzi mwenye wagonjwa wengi ana hofu ya haki: bila ratiba, makohozi yataganda na bomba litaziba. Hofu hiyo isipuuzwe. Ratiba ibaki, ila iwe ya kusikiliza kifua na kutazama skrini. Jalada la usiku lingesomeka hivi: saa nane, kifua kimesikilizwa, kiko safi, hakuvutwa; saa kumi, mkoromo upande wa kulia, mgonjwa ameelezwa, amevutwa mara moja, CPOT 2.