Chai ya rozela: Jinsi ya kuiandaa nyumbani, na kwa nini wekundu wake si damu

Ukipita kwenye soko lolote kubwa Tanzania utaikuta kwenye ndoo au vifuko vya nailoni: maua makavu, mekundu yanayoelekea kuwa meusi. Ni rozela, ambayo wengine huiita choya. Ukimuuliza muuzaji inasaidia nini, mara nyingi jibu la kwanza ni hili: "Inaongeza damu."

Rozela ni kinywaji kizuri, rahisi kuandaa na hakina kafeini. Lakini hilo jibu la sokoni limewafanya baadhi ya watu, hasa akina mama wajawazito na wazazi wa watoto wadogo, waitegemee mahali ambapo ilitakiwa dawa. Haya ndiyo ya kufahamu kabla ya kuweka sufuria jikoni.

Rozela ni nini?

Kitaalamu mmea huu unaitwa Hibiscus sabdariffa. Uko kwenye ukoo mmoja na bamia na pamba. Asili yake ni Afrika na unastahimili ukame, ndiyo maana unalimwa hata maeneo makavu kama Dodoma na Singida.

Kinachoitwa "ua la rozela" sokoni kwa kweli si ua. Ua lenyewe huchanua kwa muda mfupi, likanyauka na kudondoka. Linalobaki ni ganda nene jekundu lililozunguka kitumba cha mbegu. Hilo ganda ndilo linalochumwa likiwa bado laini, likaondolewa mbegu na kuanikwa.

Nchi nyingine wanalijua kwa majina yao. Sudan na Misri ni karkade, Senegal ni bissap, Nigeria ni zobo.

Watu wengine huchanganya rozela na chai ya matunda ya waridi mwitu, inayouzwa kwenye pakiti zilizoandikwa Rosehip. Ni mimea miwili tofauti, ingawa zote ni chai chachu na viwanda vingi huzichanganya kwenye pakiti moja. Ukisoma orodha ya viambato, mara nyingi wekundu wa kikombe hicho unatoka kwenye rozela.

Jinsi ya kuchagua rozela nzuri

• Iwe na rangi nyekundu iliyoiva, si kahawia iliyopauka.
• Iwe kavu kabisa. Ukiivunja ikatike, isiwe inanyumbuka kama ngozi.
• Isiwe na harufu ya uvundo wala vumbi jeupe au la kijani. Hiyo ni fangasi, na kuchemsha hakuifanyi kuwa salama.
• Cheki mchanga. Rozela iliyoanikwa chini bila turubai huwa na mchanga mwingi.

Nyumbani, ihifadhi kwenye chupa au kopo lenye mfuniko, mbali na unyevu na mwanga wa jua.

Mahitaji ya vikombe 4

• Rozela kavu: vijiko 4 vya chakula
• Maji: lita 1
• Tangawizi mbichi: kipande kidogo, kilichopondwa (si lazima)
• Mdalasini, iliki au karafuu 2 (si lazima)
• Sukari au asali kidogo

Hatua kwa hatua

1. Weka rozela kwenye chujio, isuuze haraka kwa maji baridi. Usiiloweke hapa, utamwaga rangi na ladha.

2. Chemsha maji pamoja na tangawizi na viungo kwa dakika 5.

3. Zima moto. Sasa ndipo weka rozela, funika na uiache dakika 6 hadi 10. Ukitaka iwe nyepesi, dakika 6 zinatosha.

4. Chuja kwenye birika au chupa ya chai. Kama ilikuwa na mchanga, tumia kitambaa safi cha kuchujia.

5. Onja kwanza, ndipo uongeze sukari. Uchachu wake hupungua ukiongeza maji ya moto kidogo.

Ukitaka ya baridi, iache ipoe, weka kwenye friji na uinywe ndani ya siku 3. Kama huna friji, andaa ya kumalizika siku hiyohiyo. Ikianza kutoa povu au harufu ya pombe, imwage.

Makosa matatu yanayofanywa na wengi

Kuichemsha muda mrefu. Wengi huamini ikichemka nusu saa ndiyo "dawa inatoka". Kinachotoka zaidi ni ukakasi, na vitamini C iliyokuwemo huharibiwa na moto.

Kutumia sufuria ya aluminiamu. Rozela ina asidi nyingi, na asidi hula aluminiamu taratibu. Tumia sufuria ya stili, ya enameli isiyobanduka, au chungu. Kama aluminiamu ndiyo uliyonayo, chemshia maji tu, kisha rozela uiloweke kwenye jagi la kioo au birika la udongo.

Kumimina sukari ili kuua uchachu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Gramu 25 ni kama vijiko 6 vya chai. Glasi mbili za juisi ya rozela iliyokolezwa sukari zinaweza kumaliza kiasi hicho chote.

Je, inaongeza damu?

Hapa ndipo penye tatizo. Wekundu wa rozela unatokana na rangi za asili za mimea ziitwazo anthosiani. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, ambayo mwili huitengeneza kwa kutumia madini ya chuma. Rangi zinafanana kwa macho tu.

Unaweza kuhakikisha jikoni kwako. Mimina chai ya rozela kidogo kwenye glasi, weka magadi kidogo na ukoroge. Wekundu utapotea, itageuka kuelekea bluu au kijani. Kamulia limao la kutosha, wekundu utarudi. Ni rangi inayobadilika kwa asidi, wala haina uhusiano na damu.

Rozela ina madini ya chuma, ila yanayofika kwenye kikombe ni machache. Zaidi ya hapo, kama ilivyo kwa chai ya kawaida, ina kemikali za mimea zinazoweza kushikana na chuma tumboni na kuzuia kisifyonzwe vizuri. Kwa hiyo anayekunywa vidonge vya chuma na kuvisukumia kwa rozela anaweza kuwa anajipunguzia faida. Vidonge hivyo vimezwe kwa maji, na chai isubiri saa moja au mbili.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Upungufu wa damu una chanzo chake: malaria, minyoo, hedhi nzito, selimundu, lishe duni. Hakuna kati ya hivyo kinachotibiwa kwa rozela. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuishiwa damu ndani ya siku chache tu, wakati nyumbani bado anapewa kikombe asubuhi na jioni.

Mtu ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, anapumua kwa shida, moyo unamwenda mbio au anachoka hata kwa kutembea kidogo, apelekwe hospitali akapimwe damu. Mtoto asisubirishwe hata siku moja.

Na presha je?

Hapa rozela ina ushahidi kiasi. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 65 waliokuwa na presha iliyopanda kidogo na ambao hawakuwa wakitumia dawa za presha. Waliopewa vikombe 3 vya rozela kila siku kwa wiki 6, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa 7.2. Waliopewa kinywaji cha kulinganishia walishuka 1.3.

Ni matokeo mazuri, lakini piga hesabu. Mwenye 135 anaweza kufika 128. Mwenye 170 akishuka kwa kiasi hicho atakuwa na 163, na hiyo bado ni hatari kwa moyo, figo na ubongo. Presha inahesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140 kwa 90.

Kwa hiyo mwenye presha asiache dawa kwa sababu ameanza rozela. Na anayetumia dawa asiinywe kwa wingi kimyakimya, kwa sababu vikiungana vinaweza kuishusha presha kupita kiasi, akapata kizunguzungu au kuanguka. Amwambie daktari au mfamasia wake, tena bila aibu.

Nani awe mwangalifu?

• Mama mjamzito. Usalama wake kwa ujauzito haujathibitishwa, na wataalamu hushauri iepukwe. Kwa damu, WHO inapendekeza kila siku vidonge vyenye miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Ndivyo vinavyotolewa kliniki.
• Mwenye presha ya kushuka.
• Anayetumia dawa za presha, zikiwemo za kukojoza, au dawa za kisukari.
• Anayemeza klorokwini. Utafiti uliofanywa Sudan ulionyesha karkade ilipunguza kiasi cha dawa hiyo kilichoingia mwilini.
• Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia. Asidi yake inaweza kumsumbua.

Kwa meno pia, asidi hulainisha gamba la juu. Sukutua mdomo kwa maji ukimaliza kunywa, na subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Kwa kifupi

Kwa mtu mzima mwenye afya, kikombe kimoja au viwili kwa siku, sukari kidogo, ni mbadala mzuri wa soda. Gharama yake ni ndogo na maandalizi hayazidi robo saa.

Ila mgonjwa asipewe rozela badala ya kipimo. Kama nyumbani kuna mtu anayeambiwa "huyu hana damu, mpe rozela", apelekwe kwanza akapimwe himoglobini. Ni tone moja la damu kwenye kidole, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Rozela ataikuta akirudi.